Mlifika maji yamekupwa: samoni wadogo na matope ya Nisqually

Swali:

"Salamu. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, sasa naishi Kent, jimbo la Washington hapa Marekani. Darasa la mwanangu wa miaka tisa lilitunza mayai ya samoni kwenye tangi hadi yakaanguliwa, wakawaachia mtoni. Mwezi wa nne tukapelekwa Nisqually, hifadhi iliyo kwenye mlango wa mto wa jina hilo, kuona makao ya samoni yaliyotengenezwa upya. Nilichokiona ni tope. Tope mpaka macho yanachoka, bata wachache, na harufu ya mayai viza. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea pale akatuambia kwamba hapo palikuwa shamba zuri la ng'ombe, na kwamba pesa nyingi zilimwagwa kubomoa tuta zima ili bahari iingie. Sasa nauliza. Samoni si huzaliwa mtoni, kwenye maji baridi? Akiwa mdogo hivyo anafanya nini kwenye maji ya chumvi? Na kama vituo vya kutotolesha samaki vinaachia vifaranga kwa mamilioni, matope ni ya nini tena? La mwisho: mwanangu aliona vijisamaki kwenye kidimbwi chini ya ile njia ya mbao, akalia nimwache ashuke akawaokoe kwa kopo. Nilimzuia, akanuna mpaka nyumbani. Nilikosea?"

Jibu:

Dada yangu, nianzie kwa mtoto, maana naona ndilo lililokukaa moyoni. Hukukosea. Huruma yake ni njema, lakini kile kidimbwi si mtego. Mara nyingi wanaobaki vidimbwini maji yakipwa si samoni kabisa. Kuna vijisamaki vya miiba mitatu mgongoni, vifupi kama kidole, na kuna wenye vichwa vipana wanaolala juu ya tope. Hao ni wenyeji, kusubiri wamezoea. Samoni mdogo kwa kawaida hutoka na maji kupitia vihori, na akichelewa hujibanza penye kina kilichobaki mpaka maji yarudi, saa chache tu. Kinachoweza kumuua ni kuchotwa kwa kopo, kushikwa kwa mkono mkavu, na kumwagwa kwenye maji yenye chumvi au joto tofauti na alikotolewa. Halafu kuna sheria: Chinook, aina mojawapo ya samoni, wa Puget Sound, yaani ghuba ambako mto Nisqually unaishia, wanalindwa na sheria ya taifa tangu 1999, na kumkamata hata mmoja bila kibali ni kosa.

Na kubwa kuliko hayo ni tope lenyewe. Umekulia Kilifi, unajua tope la mikokoni linavyovuta mguu. La Nisqually ni hilo hilo, ila maji yake yana baridi ya kukata mifupa, na yakirudi hayapigi hodi. Siku ukimwona mtu amenasa, usimfuate. Piga 911 papo hapo.

Sasa tuje kwenye tope uliloliona. Mlifika maji yamekupwa, basi. Kwetu pwani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na hizo mbili hukaribiana sana. Puget Sound pia ni mara mbili, ila hazilingani: kupwa kumoja huwa kwa kina, kwingine huwa kwa juujuu. Kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi, kupwa kwa kina huangukia mchana, saa zile zile za mabasi ya shule. Majira ya baridi huangukia usiku. Ndiyo maana wageni wengi wanaokuja siku ya jua huondoka na picha za tope. Tofauti kati ya kujaa na kupwa upande ule ni mita 4 hivi. Mngerudi saa sita baadaye, mngesimama juu ya mbao zile zile mkitazama maji matupu. Kuhukumu makao ya samoni kwa saa ya kupwa ni kama kuingia mgahawani saa tisa ya usiku ukasema hakuna anayekula hapa.

Hata ile harufu usiichukie. Inatoka kwa bakteria wanaoozesha majani mahali pasipo na oksijeni, kama chini ya mikoko ya Mida. Majani hayo yaliyooza ndiyo mwanzo wa chakula cha kila kiumbe pale.

Uliuliza samaki wa mto anatafuta nini kwenye chumvi. Kweli, samoni huzaliwa kwenye changarawe za mto, lakini si wote wanaoishi utoto mmoja. Samoni wana aina kadhaa: coho wengi hukaa mtoni mwaka mzima au zaidi kabla ya kushuka. Sockeye wengi hulelewa ziwani. Chum na pink huanza safari ya baharini karibu mara tu wanapotoka kwenye changarawe. Pink hupita haraka, chum hukawia kidogo kandokando. Chinook ndiye mwenye mambo mengi. Wapo wanaobaki mtoni miezi kadhaa, wapo wa mwaka mzima, na lipo kundi kubwa linaloshuka kati ya Januari na Machi wakiwa na urefu wa milimita 40 tu, sawa na kucha mbili tatu ukizipanga. Kundi hili bado halijawa tayari kwa bahari. Linahitaji mahali pa katikati, palipo na maji yanayochanganyika, na hapo ndipo mlango wa mto unapoingia. Kwa hiyo muulize mwalimu darasa lililea aina gani. Kama walikuwa coho, yawezekana siku mlipokwenda Nisqually bado walikuwa mtoni, wala hawajafikiria bahari.

Kwa nini maji yanayochanganyika? Mtoni, mwili wa samaki una chumvi kuliko maji yaliyomzunguka. Maji humpenya bila kualikwa, naye huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi, huku matamvua yake yakidaka chembe za chumvi kutoka kwenye maji. Baharini kibao kinageuka. Maji ya nje ndiyo yenye chumvi zaidi, yanamnyonya, kwa hiyo inambidi anywe maji ya bahari na matamvua yafanye kazi ya kuisukuma chumvi nje. Mwili mmoja unatakiwa ujifunze kazi mbili zinazopingana. Seli za matamvua hubadilika, mabaka meusi ya ubavuni hufifia, ngozi inakuwa ya fedha. Mabadiliko hayo yanakula nguvu na yanataka muda. Kwenye mlango wa mto mdogo anaweza kujipimia: leo akae juu kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, kesho ashuke kidogo, chumvi ikimzidi apande tena. Ukimtupa baharini ghafla akiwa na milimita 40, umempa mtihani kabla ya somo.

Lakini chumvi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni tumbo. Na hapa, dada yangu, wewe mtu wa Kilifi huhitaji maelezo marefu, kwa sababu umeona maji yanavyoingia mikokoni na vidagaa nyuma yake. Huku hakuna mikoko, baridi isingeiruhusu. Kazi yake inafanywa na majani ya kinamasi cha chumvi na mtandao wa vihori vinavyogawanyika kama mishipa ya jani: kikubwa kinazaa kidogo, kidogo kinazaa kijito unachoweza kukiruka. Maji yakijaa, samoni wadogo hupanda navyo hadi kwenye kingo za majani. Huko wanakuta wadudu wanaoanguka toka kwenye nyasi, visubi wasiouma na viluwiluwi vyao, na vijidudu vya topeni vilivyo jamii moja na uduvi. Samaki wakubwa wanaowala hawapendi kuingia kwenye maji ya kufika magotini. Korongo wa kijivu anapenda, na huwala, siwezi kukudanganya. Hata hivyo, kwa mdogo, korongo mmoja ana nafuu kuliko bahari nzima.

Wakipata chakula wanakua haraka, nusu milimita hivi kwa siku. Usiione ndogo. Aliyeingia na milimita 40 akikaa wiki nane anaweza kutoka na 70, na uzito wake umepanda zaidi ya mara tano, kwa maana uzito hauendi na urefu peke yake. Ukubwa huo ndio unaoamua mengi baharini. Mkubwa huogelea kwa kasi zaidi, midomo inayoweza kummeza ni michache, na majira ya baridi yanamkuta na akiba.

Tunajuaje yote haya? Njia moja ungeicheka, kwa sababu ni wando wa babu zetu. Maji yakijaa, wavu unakingwa kwenye mdomo wa kihori kama uzio; maji yakipwa, kila aliyeingia kula anapitia mlango mmoja, anahesabiwa, anapimwa, anaachiwa. Wachache husukumiwa maji kidogo kinywani kwa bomba jembamba mpaka wateme walichokula, ndipo tunajua ni visubi au ni uduvi. Ni kazi ya kuloa na kutetemeka, na anayekwambia anaifurahia mwezi wa pili hajaifanya. Njia ya pili ni kijiwe cha sikio. Kila samoni ana vijiwe ndani ya kichwa vinavyoongezeka pete moja kila siku, kama pete za mti lakini kwa siku badala ya mwaka. Kemia ya pete inabadilika samaki anapoingia kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo ukikisoma kijiwe vizuri unaweza kujua aliingia lini, akakaa siku ngapi, na siku zipi alikua vizuri.

Kuhusu vituo vya kutotolesha, una hoja. Ni kweli vinaachia kwa mamilioni, na Nisqually yenyewe bila vituo isingekuwa na wavuvi wake wa leo. Nikuambie jambo ambalo huenda mzee yule hakulijua: Chinook wa asili wa mto Nisqually walikwisha kabisa. Waliopo leo wametokana na samaki wa vituo wenye asili ya mto Green, huo unaopita Kent kwenu. Kwa hiyo mimi si mtu wa kuvitukana vituo.

Lakini kifaranga wa kituoni na kifaranga wa changarawe hawaishi maisha mamoja. Wa kituoni hulishwa mpaka awe mkubwa, wengi huachiwa kwa mkupuo katika majira ya kuchipua yakielekea kiangazi, hupita mlango wa mto kwa siku chache na kuendelea. Wa changarawe hutawanyika: huyu anashuka Januari, yule Machi, mwingine Juni, mwingine mwaka unaofuata. Mkulima wa Kilifi hapandi shamba zima siku moja, kwa sababu hajui mvua itakata lini. Kutawanyika huko ndiko kunakowaokoa samoni mwaka ambao bahari ni mbaya mwezi mmoja na nzuri mwezi mwingine. Ukizuia mlango wa mto, unaua hasa lile kundi la milimita 40, na kituo hakitengenezi mbadala wake. Kwenye delta, yaani uwanda wa tope mlangoni mwa mto, ya mto Skagit, kaskazini ya Seattle, ilionekana wazi: mwaka wenye vifaranga wengi, delta iliyobaki inajaa, na wanaokosa nafasi wanasukumwa kwenye maji ya wazi wakiwa bado wadogo mno. Ukiongeza vifaranga bila kuongeza makao, unaongeza foleni tu.

Sasa mzee wa shamba. Sitamfanya mjinga, maana sehemu kubwa ya maneno yake ni kweli. Shamba lilikuwepo. Alson Brown alianza kuzungushia tuta mahali pale mwaka 1904, na kwa zaidi ya karne bahari haikuingia. Tuta liliondolewa 2009, hekta 308 zikarudishiwa maji ya bahari. Hazikufunguliwa zote, hekta 100 hivi zilibakizwa nyuma ya tuta jipya kwa ajili ya ndege wa maji baridi. Pesa zilitumika, na shamba likipotea kwa mkulima ni shamba lililopotea. Huko Skagit, ambako wanalima viazi na mbegu za mboga kwenye udongo wa delta, hasira ya wakulima ina msingi, na mtaalamu anayeipuuza hafai kusikilizwa.

Ila historia haikuanza 1904. Palepale kwenye delta ya Nisqually, kando ya kijito, Desemba 1854 ulitiwa saini mkataba ambao wenyeji waliachia ardhi yao wakibakiza haki ya kuvua. Haki hiyo ikaja kuvunjwa kwa miongo mingi. Billy Frank Jr., Mnisqually, alikamatwa mara ya kwanza kwa kuvua akiwa na miaka 14, mwaka 1945, na ilikuwa mpaka 1974 ndipo mahakama ya taifa ikasema mkataba unamaanisha nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Hifadhi mliyotembea ina jina lake. Haki ya kuvua samaki ambao hawapo haimfai mtu, ndiyo maana kabila la Nisqually lilikuwa limeanza kufungua matuta ya upande wa mashariki ya mto miaka mingi kabla ya 2009.

Kuna jambo jingine linaloeleza tope lako. Ardhi ikitengwa na bahari hukauka, mabaki ya mimea yaliyomo huungua polepole kwa hewa, ng'ombe huikanyaga, na hakuna mchanga mpya unaoletwa na maji. Inazama. Ukija kuondoa tuta baada ya miaka mia, bahari haikuti kinamasi, inakuta bakuli. Nyasi za maji baridi zinakufa kwa chumvi mwaka wa kwanza, na mimea ya chumvi haishiki mpaka tope lipande kimo kinachoifaa. Nisqually ina bahati mbaya zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchanga unaotoka mlima Rainier inanaswa juu kwenye bwawa la Alder, lililojengwa miaka ya 1940. Kwa hiyo zipo sehemu zitakazobaki tope kwa muda mrefu, na kina cha bahari kinapopanda sina hakika ya kukupa tarehe. Tope si sawa na kinamasi chenye majani. Lakini si jangwa. Uduvi wa topeni huishi humo humo.

Je, imefaulu? Inategemea unauliza nini. Ukiuliza kama samoni wadogo wanaingia na kula, jibu ni ndiyo, na walianza kuonekana kwenye vihori vipya msimu wa kwanza tu baada ya tuta kuondoka. Mfano ninaoupenda zaidi uko Oregon, kwenye mto uitwao Salmon. Matuta yake yaliondolewa kwa awamu, 1978, 1987 na 1996. Kabla ya hapo, vifaranga wadogo wa Chinook karibu hawakuonekana mlangoni mwa mto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionekana wakiutumia kwa miezi mbalimbali na kwa umri mbalimbali, ule mtawanyiko niliousema, umerudi wenyewe bila mtu kuupanda.

Ukiuliza kama Chinook wakubwa wamerudi Nisqually kwa wingi wa kushangaza, jibu ni hapana, na anayeahidi hivyo anakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Samoni akitoka mlangoni ana miaka kadhaa ya bahari mbele yake: joto la maji, sili, nyavu, uhaba wa chakula. Hata juu ya delta ipo barabara kuu ya I-5 iliyojengwa juu ya kifusi, inaubana mto usihame kama mito inavyotaka. Kufungua mlango kunaondoa kizuizi kimoja. Njia ya katikati, ya kuacha tuta na kuweka lango la maji linalofunguka kwa kiasi, ipo pia na wakulima huipenda. Inasaidia, ila samaki wanaopita huwa wachache kuliko penye uwazi. Kama ningekuwa mimi ndiye mwamuzi, lango ningelikubali palipo na shamba hai, na palipo na shamba lililokwisha kuachwa ningefungua wazi.

Na usidhani mambo haya yako Nisqually tu. Mto Green wa Kent ukifika Seattle unaitwa Duwamish, na karibu kinamasi chake chote kilifukiwa kwa viwanda na bandari. Vifaranga wanaopita penye sumu hulipa: utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba samoni wa vituo waliopita kwenye milango ya mito iliyochafuliwa walinusurika kwa asilimia 45 chini ya wenzao. Vipande vidogo vya ufuo vimeanza kurudishwa katikati ya viwanda, na kwa samaki wa milimita 40 hata kipande kidogo ni mahali pa kupumua. Kwa kuwa najua watu wetu hupenda kuvua pale, niseme wazi: samoni anayepita Duwamish analiwa, lakini kaa, kome na samaki wanaoishi humo humo msiwale, hasa watoto na wajawazito. Idara ya afya ya jimbo ina maelekezo yake, na uliza kama yapo kwa Kiswahili.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyapima kwa maandishi. Mkiona samaki wengi wamekufa pamoja, maji yenye rangi au povu geni, au kihori kilichozibwa na watu, piga picha, andika saa na mahali, mwiteni mfanyakazi wa hifadhi au idara ya samaki na wanyamapori ya Washington siku hiyo hiyo. Na kama mtoto bado anataka kuokoa samaki, hifadhi na makabila huhitaji watu wa kujitolea kupanda mimea na hata kusaidia kuvuta juya, wakiwa na kibali na buti za kufika kiunoni. Atashika samoni kihalali.

Kabla ya hapo, mrudisheni Nisqually. Tazama jedwali la maji, chagua siku ya mwezi wa tano ambayo maji yanajaa asubuhi, mfike saa mbili kabla hayajafika juu. Mvae miwani ya kukata mng'ao wa maji. Simameni kimya juu ya kihori kidogo, si kikubwa, mtazame pembeni penye majani. Mkiona vijiduara juu ya maji kama matone ya manyunyu, na mbingu haina wingu, mwambie mtoto asihesabu mvua.